Tembo Arudi, Lakini Nani Aingie Ndani?

Tembo wa Mikumi amefariki dunia. Nawaomba wasomaji wangu wa ubao huu wa shule, hasa wale wa kidato cha kwanza wanaosoma huku wakikanyagana, wasianze kuwaza nyama. Sisemi wale wa hifadhini wanaovuka lami bila kuangalia kulia wala kushoto. Namsema yule wa bustani ya watoto pale barabarani, mwenye masikio ya gunia na mkonga unaoning'inia kama soksi iliyolowa, aliyekuwa akiyapungia mkono mabasi ya Iringa mpaka dereva anaona haya na kusimama. Mtu aliyekuwa ndani yake tumemzika wiki iliyopita Kilosa, jirani na mashamba ya mkonge ambayo baba yake alitoka Songea kuja kuyafanyia kazi. Kwa kawaida safu hii huwasema walimu wa zamu na maharage yenye wadudu. Leo itatusema sisi watu wa Mikumi, na mwandishi wenu hajajitoa kwenye hesabu.

Kwa waliohamia juzi, nieleze. Bustani ile ilikuwa mali ya shirika la umma, enzi ambazo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Hapakuwa na pesa ya kuagiza vitu vya watoto kutoka nje, kwa hiyo walijenga bembea za mabomba, wakafinyanga simba wa saruji anayefanana zaidi na mbwa mwenye homa, na marehemu akaambiwa atengeneze tembo. Yeye na mkewe walishona magunia ya mkonge wakayapaka rangi ya bati. Meneja wa wakati huo akaweka sheria mbili: tembo haongei, na tembo havui kichwa mbele ya watoto. Vifungo vilikuwa mgongoni, kwa hiyo hata angetaka kuvunja sheria, asingeweza bila msaidizi. Asubuhi mkewe anamfungia ndani, jioni anakuja kumfungua. Sisi tuliokulia hapa tulimkumbatia yule tembo kabla hatujajua kusoma, na sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kujiuliza mle ndani kukoje.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu wa Mikumi anadai alikishuhudia, hata waliozaliwa baadaye. Mwaka wa ukame, tembo wa kweli aliingia bustanini kufuata mapapai ya jikoni. Watu walitimka. Mpishi alipanda juu ya simba wa saruji, mhasibu akajifungia chooni, wateja wakaishia ndani ya basi ambalo halikuwa lao. Marehemu alibaki katikati ya uwanja. Haoni vizuri, vifungo viko nyuma, na magunia yale hayaruhusu mbio. Mpishi akawa anampigia kelele kutoka juu, "Kaa chini, we Mngoni, kaa chini, usimtazame." Marehemu akaketi. Tembo mkubwa akamsogelea, akamnusa kichwa, akanusa mkonga wa gunia, akapuliza pumzi kama mzee aliyeletewa chai baridi, kisha akaondoka na mapapai yake. Watu walicheka mwaka mzima. Walikuwa wakimuuliza, "Alikwambia nini yule ndugu yako?" Naye anapunga mkono tu. Tulidhani ni mzaha mtamu. Leo najiuliza ilikuwaje kukaa pale huku kila mwenye miguu amekimbia, na wewe miguu unayo.

Kisha likaja soko huria. Sikatai mazuri yake: mitumba imetuvalisha, na soda siku hizi unachagua rangi. Bustani nayo ikauzwa kwa mwekezaji kutoka Dar. Akaipaka rangi ya kampuni ya soda, akajenga banda la video, akatangaza kwamba tembo ananuka gunia na mambo ya zamani. Tembo akatupwa stoo, marehemu akapewa fagio. Hapo ndipo nilipoanza kumfahamu, kwa sababu sikuwahi kuiona sura yake kabla ya hapo. Siku moja nilimkuta dukani ananyooshea kidole paketi ya chumvi. Muuza duka anamwambia, "Sema basi mzee, ni chumvi au kiberiti?" Yeye anaendelea kunyoosha kidole. Mimi ni Mhehe, yeye Mngoni. Mababu zetu walipigana weeee, wakaishia kuwa watani, na mtani haachi nafasi ipite. Nikamwambia, "Mtani, kichwa umekivua, mbona ulimi umeusahau stoo?" Alicheka kidogo. Akasema, taratibu kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Nikiongea watu wanageuka kutafuta nani kaongea." Akachukua chumvi yake akaenda.

Sasa tuje msibani, maana huko ndiko nilikonasa. Msomaji wangu anajua kwamba kwetu mazishi bila watani ni kama ugali bila mboga. Waliofiwa wanalia, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka anayelia anajikuta anacheka na kamasi zake. Na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu neno la mtani msibani halishikwi. Unaweza kusema marehemu alikuwa mchoyo, unaweza kumdai mjane kuku, yote yanaishia palepale kaburini. Wahehe wenye umri wangu tulikuwa wachache, na sifa yangu ya mdomo mnaijua. Mjane, mama mtulivu mwenye mikono mikubwa ya kazi, alitoa nguo za marehemu, na juu yake akaweka tembo, baada ya kumwomba mwekezaji amtoe stoo. Shangazi yangu akaniingiza ndani, akafunga vifungo.

Nilifanya kazi nzuri, sisemi uongo. Nilipunga mkono kila upande. Nilimnusa mchungaji kichwa. Kwa kuwa tembo haongei lakini mtani lazima aongee, nikapaza sauti, "Mnalia nini nyie? Mimi sijafa, nilikuwa likizo. Keshokutwa nipo kazini, mwambieni bosi aninunulie rangi." Mjane alicheka mpaka akashika mbavu. Mwekezaji alikuwa amekuja na gari lake, amekaa kwenye benchi la wakubwa, na nilimwona kupitia tundu la mdomo anatikisa kichwa kwa furaha. Nikadhani anafurahia utani.

Desturi ni kwamba mtani hafunguliwi mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu kidogo, na Wangoni hawakuwa na haraka. "Mwacheni Mhehe aive," mmoja akasema. Hapo ndipo nilipoanza kulijua lile gunia. Joto lake haliji kutoka nje, linatoka kwako mwenyewe. Pumzi unayoitoa ndiyo unayoivuta tena. Nyuzi za mkonge zinachoma shingo na huna kidole cha kujikuna. Nikasema nifungueni. Wakacheka. Nikasema kwa sauti zaidi kwamba sitanii tena, wakacheka zaidi, kwa sababu mtani akisema hatanii ndiyo utani wenyewe. Nikapiga magoti, wakapiga makofi. Na huku nimepiga magoti, watu wakaanza kuzungumza juu yangu kama vile sipo. Mama ntilie wa stendi alikuwa anasema tembo arudi, tangu aondoke mabasi yanapita moja kwa moja na wali wake unachacha. Dereva mmoja wa lori akasema hata yeye watoto wake wanamuulizia. Mzee mmoja akasema vitu vya zamani viachwe vilale. Mama ntilie akamjibu, "Wewe una pensheni, mimi nina sufuria." Walibishana vizuri sana, kila mtu na hoja yake, na wote walikuwa wameegemea mgongo wangu. Kuku wa kunikomboa alipoletwa, na shangazi akanifungua, nilikuwa siwezi kusimama. Mjane peke yake ndiye aliyeniletea maji. Hakucheka.

Jumatatu mwekezaji alikuja nyumbani kwetu. Mama akatoa kiti kizuri. Bwana yule akasema amewasikiliza wananchi, tembo anarudi, na mtu amepatikana. Mimi nikauliza ni nani, kwa udadisi wa kawaida. Akanitazama. "Si ulisema mwenyewe? Keshokutwa nipo kazini."

"Bosi, ule ulikuwa utani," nikamwambia. "Maneno ya msibani hayashikwi."

"Mimi nimeyashika," akasema. "Biashara haina mtani."

Nilimgeukia mama, nikitegemea atamweleza mgeni desturi. Mama akawa anakunja pindo la kanga. Mnajua hali ilivyo siku hizi: elimu nayo tumeambiwa tuichangie, na asiyechangia anatajwa jina mstarini asubuhi, kisha anashika njia ya nyumbani. Bwana yule alikuwa amemwahidi mama kunilipia ada mpaka kidato cha nne. Nikamuuliza kazi ni saa ngapi. Akasema mabasi yanapita mchana. Nikamwambia mchana ndio niko darasani. Akasema tutaona. Yaani nilipiwe ada ili niwe nje ya darasa. "Mwanangu," mama akasema, "mbele ya watu wote wale, ulisema." Kesho yake stendi nzima ilikuwa inaniita tembo wetu. Mama ntilie akaniwekea nyama ya ziada bila kuombwa. Nikaila, na kila kijiko kilizidi kunifunga.

Ndipo nilipokwenda kwa mjane, ambaye alikuwa amerudi Mikumi kukusanya vitu vyake. Nilitumaini angekataa kutoa tembo, mambo yaishe. Alikuwa ameketi kizingitini na sindano ya magunia, anaziba sikio lililochanika nilipokuwa nagaragara. Nikamwambia, "Mama, ukimchoma moto huyu, hakuna atakayekulaumu." Akasema hapana. Akasema watoto walimpenda, na wale kina mama wa stendi wana njaa ya kweli, siyo ya maneno. Kisha akanieleza kwamba miaka ya mwisho mumewe alikuwa akifika nyumbani habishi hodi, anasimama mlangoni na kupunga mkono mpaka mtu amwone. Watoto wakikosa, anawapungia. Akifurahi, anawapungia. "Gunia nitawapa," akasema. "Mtu siwapi tena. Kama kuna mtu wa kutoa, atoe mwenyewe."

Nikaenda bustanini. Nilimkuta mwekezaji kwenye banda la video, nikamuuliza swali moja tu. "Bosi, nikiwa ndani, akipita mtu mzima naruhusiwa kumwamkia?"

Akacheka. "Tembo gani anasema shikamoo? Tembo anapunga mkono."

Msomaji, mimi si mtoto wa heshima sana, na walimu watathibitisha. Lakini mtoto wa huku akinyimwa shikamoo amebaki na nini? Mjomba wako atapita, mwalimu wako atapita, bibi wa jirani atapita na mzigo wa kuni, na wewe umenyamaza. Na wewe ukizeeka mle ndani hutaitika marahaba hata moja, maana hakuna anayejua kama kuna wa kuamkiwa. Nikamwambia bosi sitaki. Akauliza kama nina wazimu. Nikasema walimu wanauliza hivyohivyo. Ndio mzaha wa mwisho nilioutoa siku ile, kwa sababu nyumbani mama hakunifokea. Alinipakulia, akaenda kulala. Ningependa zaidi fimbo. Mstarini bado sijatajwa, ila kila asubuhi mwalimu akifungua mdomo nasikia ile pumzi yangu mwenyewe ikinirudia usoni.

Jumamosi tembo alirudi. Watoto walipiga kelele, mabasi mawili yakasimama pamoja, mama ntilie akauza mpaka ukoko. Kwa hiyo wale waliosema arudi hawakukosea, na nisingetaka kuwa mtu wa kuwaambia wakae njaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hiki tumeamua kukitandika, basi na tukubali kwamba kuna anayekilalia. Kabla hatujadai kitu cha zamani kirudi, iwe ni tembo au ni jingine kati ya yale tunayoyalilia vijiweni, tuulize kwanza nani ataingizwa ndani yake, na kwa nini yeye. Na akishaingia, tusimfanye gunia.

Aliye ndani safari hii simjui. Mwekezaji hasemi, na stendi hakuna anayeuliza, wala mama ntilie. Ana miguu mirefu, magunia yanaishia juu ya vifundo. Nilisubiri watoto wapungue, nikasogea hadi kwenye lile tundu la mdomo. Sikujua kama ni mkubwa wangu au mdogo wangu, nikaona heshima ikizidi haitamuumiza. Nikasema, "Shikamoo."

Basi lilikuwa linaingia, na mwekezaji alikuwa mlangoni anatutazama. Kisha nikasikia mle ndani, kwa sauti ndogo ambayo hata sikuweza kuijua ni ya mwanamume au mwanamke, "Marahaba." Ukipita pale, nawe mwamkie.