Mjomba na Fimbo Zake za Kushoto

Mwezi wa sita uliopita nilikuwa Ihanda kwa msiba, na baada ya maziko nikateremka peke yangu hadi kwenye ule mteremko tuliokuwa tukiuita Uwanja wa Wazungu. Sikuuona. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye wajukuu, nimevaa sweta mbili kwa baridi ya Mbozi, nageuka huku na huku kama aliyepotea sokoni. Mahindi matupu. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa akikata mabua kama anajua kwamba zamani wazungu walicheza gofu hapo. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Basi nivumilie wewe, maana jambo hili nikikaa nalo peke yangu linanichanganya zaidi. Wakati huo wa Mwingereza mimi nilikuwa mtoto wa kike nalelewa na bibi, mzaa mama, na mashamba ya kahawa ya wazungu yalikuwa yametuzunguka. Usidhani uwanja wao ulikuwa na majani laini kama ya kwenye televisheni. Kuzunguka kila shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya trekta, na upepo ukigeuka, kwa bibi kulinukia oili na maua ya kahawa kwa pamoja. Mpaka leo nikipita mbele ya gereji natafuta maua.

Bibi hakuuelewa mchezo ule hata kidogo. Yeye alikuwa mkulima. Kitu ukikitia shimoni unakifukia na kungoja mvua. Hawa wanahangaika asubuhi nzima kukiingiza kimpira shimoni, kikiingia wanakitoa. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nasoma shule ya misheni, kama tumefundishwa sababu. Nikasema bado hatujafika hapo.

Sasa mjomba, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwetu mkono huo haumpi mtu kitu, wala haugusi chakula cha wengine, na bibi aliona aibu kuliko kama mwanawe angekuwa mwizi. Tangu utotoni alimfunga kitambaa kwenye mkono ule kila wakati wa kula. Mwinjilisti aliitwa akauombea. Mjomba akawa kijana mkubwa, mwenye ndevu, na bado akila kwa kulia tonge la ugali lilimdondokea kwenye maharage. Tulicheka, bibi akatukata jicho, tukanyamaza. Na kila jioni kwenye sala ya nyumbani alirudia ombi lilelile, kwamba Mungu auondoe ule uhodari kushoto auhamishie kulia.

Kumbe mzungu mwenye shamba alilofanyia kazi mjomba naye alikuwa wa kushoto. Hilo lilituvuruga kabisa. Mtu mkubwa vile, anaogopwa na wote, anatia saini kwa mkono wa kushoto na hakuna wa kumfunga kitambaa. Bibi alifikiri sana, akasema masikini, labda alifiwa na mama angali mchanga.

Fimbo za gofu za mzungu huyo zilitengenezwa zikitazama upande mwingine, kwa hiyo pale mlimani hakuna mwingine aliyeweza kuzitumia. Alipomwona mjomba akirusha mawe kwa kushoto kufukuza nyani, akampa seti yake kuukuu apate mtu wa kucheza naye siku ambazo wenzake hawapo. Nilikwenda kuwatazama nikiwa natoka kuchota maji. Nitasema wazi, sijawahi kuona kitu kizuri vile. Mjomba yule wa kudondosha ugali alisimama kimya, akazungusha mwili wote mara moja, na mpira ukaenda mpaka ukapotea machoni. Nilisahau ndoo kichwani. Haukupita muda mzungu akawa anashindwa kila wakicheza, tena anafurahi, jambo ambalo nalo hatukulielewa.

Ni mzungu huyo aliyemtafutia mjomba kazi ng'ambo, Rodezia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Klabu moja ya mgodini ilitaka mtu wa kucheza na wageni na kuwafundisha vijana wanaobeba mifuko ya fimbo. Mshahara wa kupiga mpira! Kaka zake bibi walikaa kikao cha siku nzima wakiulizana kama hiyo ni kazi au ni utumwa wa aina mpya. Mwishowe wakasema mwenye neno ni mama yake.

Kwetu anayekwenda mbali hunyoosha viganja, na mzazi humtemea mate kidogo ya baraka. Mjomba akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili. Bibi akaushika wa kulia, akautemea, akaukunja vidole.

"Mama, na huu ndio unaonipa kazi," mjomba akasema.

"Huo namwachia Mungu," bibi akajibu.

Akaondoka kupitia Tunduma, fimbo zimefungwa ndani ya mkeka. Habari zake zilirudi kwa njia hiyohiyo, kwa ndugu zetu waliokuwa wakivusha maharage na kurudi na mablanketi. Walisema watu wanajipanga kumtazama. Walisema amewashinda wazungu waliotoka mbali kwa treni. Bibi hakujua aone fahari au aibu. Kanisani alishukuru kwa kazi ya mwanawe bila kutaja mkono, na jioni nyumbani aliendelea na ombi lake la zamani.

Kisha habari zikapungua, na mwaka niliomaliza shule mjomba akarudi. Alivaa koti zuri, kila sentensi aliimalizia na mukwai, neno la heshima la watu wa kule. Tulimwandalia kuku. Akanawa, akala kwa mkono wa kulia, hakudondosha hata punje. Bibi alipiga vigelegele pale pale, akaniagiza nikamwite jirani aje ashuhudie maombi yaliyojibiwa.

Jirani alipoondoka ndipo mjomba akaeleza. Zile fimbo zilikatika moja baada ya nyingine, na za kushoto hazikupatikana kwa mtu kama yeye. Mkubwa wa klabu akamwambia acheze kama wengine au ashike mashine ya kukata majani. Akajilazimisha kugeuka. Kutwa kucha alijifunza kupiga kwa mkono wa kulia, na alipoweza, aliweza kama mtu yeyote tu. Basi wakampa mashine ya majani. Alisimulia akicheka, nasi tukacheka naye kwa kuwa hatukujua la kufanya.

Kesho yake bibi alimtolea mpini wa jembe na gunzi la hindi, akamtaka amwoneshe alivyokuwa akipiga, maana yeye hakuwahi kwenda kumtazama. Mjomba akasimama kwa kulia, akapiga, gunzi likaenda hatua chache.

"Siyo hivyo. Ile yako," bibi akasema.

Mjomba akageuka upande mwingine. Akasogeza mguu mmoja, akaurudisha. Akashika mpini, akabadilisha mikono, akabadilisha tena. Kisha akaulaza mpini chini taratibu. "Uhodari ule haupo tena, mama," akasema, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

Wote wamekwisha kwenda sasa, na uwanja ni mahindi, na sioni wa kumuuliza. Lakini jioni ile wakati wa sala bibi alinyamaza tulipofika kwenye lile ombi. Tulisubiri macho tumefumba. Mwishowe akanigusa goti, mimi msomi wake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, nikimwomba Mungu sasa aurudishe, nitakuwa namchezea?"

Nikasema amina, na wengine wakaitikia.