Bandama kwa Kigiriki

Neno moja la hospitali lilitugharimu mbuzi jike mmoja na safari ya ziwani ya kwenda na kurudi, na ilibaki kidogo litugharimu mdogo wangu Musafiri. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na kila mara mbuzi anaonekana rahisi zaidi.

Nakumbuka asubuhi hiyo vizuri kuliko ninavyokumbuka ya jana. Nilikuwa msichana wa kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, hapa Kalemie, mdomo mkali kuliko mizani. Baba alikuwa ziwani, Mama ametoka kujifungua, kwa hiyo mimi njo nilimpeleka Musafiri hospitali. Homa zilikuwa zimemchezea muda mrefu, na upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, palikuwa pagumu kama embe bichi. Daktari akapapasa polepole, akawageukia wanafunzi wake, akasema: "Splenomegali." Wote wakaandika. Watu wakiandika kwa pamoja namna hiyo, mwenye mgonjwa anakauka mate.

Kisha akanigeukia mimi, akasema mambo kwa Kiswahili. Niliitikia yote, "Ndiyo, Daktari," masikio yakiwa bado kwenye lile neno refu. Sikuuliza. Niliona haya mbele ya wale vijana wenye koti nyeupe. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini methali hiyo tunaisema tukiwa nyumbani.

Nilipotoka na beseni langu kumtafutia mgonjwa uji, miguu ilinipeleka kwa mwalimu wa biolojia, mteja wangu.

"Mwalimu, splenomegali inaua?"

Akatazama kwanza beseni langu. "Neno refu namna hii linaomba vikombe viwili vya ndagala."

"Kimoja. Na kisijae."

"Kijae, dada. Ni Kigiriki, kimetoka mbali."

Akalivunja kama mtu anavyovunja muhogo. Spleno ni bandama. Megali ni kukua. Wafaransa walikopa kwa Wagiriki, sisi tukakopa kwa Wafaransa. Akaniongezea matabishi, ile nyongeza ya bure ya sokoni, maana kikombe kilikuwa kimejaa kweli: hepato ni ini, nefro ni figo, kardio ni moyo. Neno likiishia na megali, kiungo kimekua. Likiishia na iti, kinawaka, kama hepatiti.

"Basi bandama imekuwa kubwa tu?"

"Njo vile."

"Lakini hiyo siye wenyewe tulienda nayo kule!"

Hofu yote ikageuka hasira ya sokoni. Tumefika na bandama iliyovimba, wametuuzia tena bandama yetu kwa Kigiriki! Mwalimu aliita nyuma yangu, "Dada, ngoja, jina si ugonjwa wote," lakini mimi nilikuwa nimekwisha kununua nilichotaka.

Bandama hatukuanza kuijua leo, mwanangu. Huku kwetu mtoto mwenye bandama alipelekwa kwa mtu wa kuchanja: chale ndogo juu ya uvimbe, dawa ya kusugua, kisha kukanda kwa nguvu mpaka uvimbe ulale. Na mchanjaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa shangazi yetu wa Zongwe, mbali kandokando ya ziwa. Nikamtoa Musafiri hospitali, nikafunga kamba mbuzi wa kumlipa, tukapanda mtumbwi wa mota.

Ziwa lilikuwa na mawimbi. Kila mtumbwi ulipopiga maji, Musafiri alishika ubavu wake kwa mikono miwili, midomo imekauka.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, "inachoma."

"Vumilia. Ni bandama tu."

Nilisema "tu" mara nyingi safari ile, na kila mara lilitoka dogo zaidi. Mbuzi naye alilia njia nzima, kama aliyejua bei yake.

Shangazi alimlaza mtoto kwenye mkeka. Akaweka vidole juu ya uvimbe, vyepesi kama anagusa yai, akaviondoa. Hakuomba wembe. Hakuomba mafuta.

"Hopitali walisema nini?"

"Walisema bandama kubwa, Shangazi. Kwa Kigiriki."

"Na kingine?"

"Kingine gani?"

"We mutoto! Muntu amesoma miaka yote ile, akuambie neno moja anyamaze? Alisema usimufanyie mudogo wako nini?"

Hapo ndipo Kiswahili cha daktari kilipofufuka kichwani. Asikimbie. Asibebe kitu. Kitu chochote kisimgonge tumbo, wala mtu asimkande, maana bandama ya namna hii inaweza kupasuka, na damu ikamwagikia ndani. Aliyasema yote, taratibu, kwa lugha yangu mwenyewe, na mimi niliyapokea kama matabishi ya kutupia juu ya kikapu. Rahisi huvunja upishi, tunasema. Mimi nilidhani ni bei tu inayoweza kuwa rahisi, kumbe hata kusikiliza.

"Nilikanda mutoto wa jirani," Shangazi akasema, akijitazama vidole. "Ilipasuka hapa, chini ya mukono wangu. Hakulia hata. Toka siku ile bandama kubwa siigusi. Nawe ungeniletea wa ndugu yangu!" Akanisonya. "Mubebeni kama mayai, murudi sasa hivi. Mbuzi anabaki."

"Lakini Shangazi, haukufanya kitu!"

"Njo hiyo unalipia."

Njia ya kurudi tulimlaza juu ya nyavu, kichwa chake magotini kwangu, na kila wimbi nilimtazama uso kuona kama umepauka. Sikuomba Mungu kwa maneno marefu. Hospitali walimpokea bila kunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Safari hii niliuliza mbele ya koti zote nyeupe: imekuaje kubwa? Wakapima, wakakuta kichocho cha ziwani, kimekaa muda mrefu. Dawa zilichukua wakati, lakini Musafiri alipona. Leo tumbo lake ni kubwa kwa sababu ya bia, na hilo halina Kigiriki.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeanza kusomea uuguzi. Maneno yale ni mazuri, yajifunze yote. Lakini neno la Kigiriki linaonyesha wapi. Mara nyingi halisemi kwa nini, na kamwe halisemi mama afanye nini akifika nyumbani. Ukiwa na mgonjwa, uliza hayo matatu. Ukiwa na koti nyeupe, yajibu hayo matatu, na jibu la tatu mwambie mwenye mgonjwa alirudie kwa mdomo wake kabla hajatoka mlangoni.

Mungu akupe mikono myepesi na uso usiotisha wanaouliza.

Na mimi nina shida moja, nakuomba shauri. Nimemaliza umri nikijiuliza: daktari yule alisema vizuri, polepole, kwa Kiswahili, na bado sikusikia. Wewe ungenisemesha vipi, ili msichana mwenye hofu namna ile asikie? Ukipata jibu, uje uniambie.