Mivuto ya Asen

Stoyanka Vlaeva alipima nikotini kwa miaka kumi na miwili katika maabara ndogo mjini Pleven. Hakuwa mtu wa kuamini mambo. Kanisani alikwenda Pasaka tu, tena kwa ajili ya mayai mekundu yanayogawiwa siku hiyo.

Mwaka mmoja, mwezi Machi, jirani yake Genoveva alimletea sigara ya umeme ya mumewe, Asen, aliyekuwa amefariki wiki tatu nyuma, pamoja na kichupa cha majimaji yake. Kichupa kiliandikwa: nikotini sifuri.

"Aliniapia ameacha," alisema Genoveva. "Nipimie, shoga yangu. Nijue kama nimlilie au nimzomee."

Stoyanka akapima majimaji. Hamna kitu. Akaichomeka sigara kwenye mashine inayovuta kama mtu, sekunde tatu kila mvuto, mvuke ukinaswa kwenye kichujio. Kwenye kichujio nikotini ilikuwa tele.

Akadhani ni mabaki. Akabadilisha utambi unaonyonya majimaji, akatia majimaji mapya ya maabara. Nikotini ileile, kiasi kilekile. Akajaribu sigara nyingine kwenye mashine hiyohiyo: hamna.

Siku ya nne, saa sita mchana, alizima mashine ili akale supu yake. Taa ya ile sigara ikawaka. Ikakaa sekunde tano, ikazimika. Akachomoa betri. Ikawaka tena. Kisha, hatua mbili kutoka mezani, juu kidogo ya kichwa chake, mvuke ukachomoza mahali pasipo na kitu, ukimjia usoni, ukinukia cheri.

"Nani hapo?"



Alimweleza Genoveva yote. Genoveva akakaa kitini taratibu.

"Ndivyo alivyovuta. Polepole, kama anayekunywa supu ya moto."

"Alikuwa mrefu vile?"

"Milango yote ilimgonga." Mara akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mwongo mkubwa! Hata huko hajaacha!"

"Basi njoo uichukue."

"Mimi? Si ikae kwako? Nyumbani kwangu sitaki moshi."

"Wewe! Mume wako, moshi wako!"

Siku ya arobaini walipeleka kaburini kwa Asen ngano ya kuchemsha, kama ilivyo desturi ya kumkumbuka marehemu, wao wawili tu. Genoveva akachimba kwa kijiko, akaifukia sigara pamoja na kichupa, akashindilia udongo kwa kiganja.

Chini ya kiganja chake mtu akakohoa.

Hawakutazamana. Genoveva alimimina divai juu ya udongo, wakashikana mikono hadi getini. Wiki iliyofuata Stoyanka aliomba kuhamishiwa kwenye kitengo cha maji ya kunywa, na mkuu wake alipomuuliza sababu, alisema ni kifua.