Papa Wakavu wa Mzee Abdalla

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi Mutua aliondoka Embu kwenda Mombasa kuchota maji ya bahari. Mabomu ya atomiki yalikuwa yakijaribiwa katika bahari za mbali, na ofisi yetu ilitaka kujua kama sumu yake, ile miale isiyoonekana, imefika kwetu. Mimi ndiye niliyemfundisha Mutua mashine ya kuipima, baada ya kujifunza mwenyewe vitabuni. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, mimi ni Mwembu, kabila lililoshukiwa uasi, na pasi ya pwani nilinyimwa. Mutua ni Mkamba, akapewa.

"Nikuletee nini, mwalimu?" aliniuliza.

Nilimkabidhi chupa tupu za maji.

Mimi nilipewa Meru, nikapime papa wakavu madukani. Nilipanda lori tupu lililokuwa likirudi Kibirichia, mbele ya Meru, kupakia viazi.

Chuka, kwenye kizuizi, askari gadi aliigonga mashine kwa kidole. "Mzee, redio hii inashika Nairobi?"

"Inasikiliza samaki."

"Wanasemaje?"

"Bado wamenyamaza."

Alicheka, akanirudishia pasi. Moyoni niliomba waseme. Papa mmoja tu mwenye sumu, na maji ya Mutua yangesahaulika.

Meru mjini, adhuhuri, mwenye duka Mzee Abdalla alinionyesha magunia mawili ya papa juu ya rafu. Niliposogeza mashine, ililia kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Nilifurahi.

"Papa hawa wana sumu," nilisema. "Watachomwa."

"Basi nichome na mimi, Bwana Njeru. Mtaji wangu wote umo humo." Alilikumbatia gunia, akaliburuta hadi barazani. "Pima hapa, juani, Mungu aone!"

Nilipima. Mashine ilinyamaza. Gunia la pili, vilevile. Nilirudi kwenye rafu tupu, mashine ikalia tena. Nyuma yake palikuwa na katoni ya tambi za karabai, vile vifuko vya kitambaa vinavyong'aa ndani ya taa. Nilikwisha kusoma kwamba tambi hizo hutiwa madini yenye miale.

"Kumbe taa zangu ndizo zinazowasingizia samaki!" alisema Abdalla, akaketi chini akifuta jasho.

Siku nne baadaye Mutua naye alirudi Embu. Maji yake pia yalikuwa safi. Alisimulia mawimbi jioni nzima, na wivu wangu haukupungua hata kidogo. Nilichojifunza ni hiki: pima mahali kwanza, ndipo upime samaki, hasa siku unayotamani mashine ilie. Katika taarifa niliandika kwamba papa ni salama. Mali ya Abdalla iliyookoka moto: shilingi mia moja na themanini.