Ndege Tuliyoiagiza Viatu

Juzi mdogo wangu Neema alinipeleka makumbusho kuona maonyesho ya vita vya angani. Mbele ya picha ya ndege moja nilisimama. Niliijua.

Wakati wa vita hivyo tulikuwa watoto yatima, nami kama mkubwa nilishaacha shule ili nimlee Neema. Kila ndege ilipopita Kirumba, mtaa wetu kando ya ziwa, watoto tuliipigia kelele ituletee tunachotaka. Alasiri moja hii ya pichani ilikuja chini mno, ikinguruma hadi jiwe tulilosimama juu yake likatetemeka.

"Ndege, niletee viatu!" Neema aliita.

Tukaona vitu vikidondoka kutoka tumboni mwake, upande wa ziwani.

"Twende, wenzetu wasituwahi," nikamwambia.

Tulikimbia. Jirani yetu, Mama Rehema, alitudaka njiani, mikono yake ikinuka dagaa, akatusukuma ndani ya handaki. Nilimnunia siku nyingi, nikidhani alitaka kwenda kuviokota mwenyewe.

Baadaye nilielezwa kwamba yalikuwa mabomu, lakini sikuwahi kuliona bomu. Sasa lilikuwa limelazwa chini ya picha. Neema akanyoosha mikono yote miwili kulipima, lakini haikutosha.

"Kaka," akasema polepole, "siku ile tukikimbia, mbele nilikuwa mimi."