Kuhesabu Mlangoni

Watu wa kanisani walinisifu sana niliposema nimejiandikisha kozi ya huduma ya dharura, ile inayomfundisha mtu kufanya kazi kwenye ambulansi. Mama mkwe wangu alikuwa amezikwa kwao miezi mitatu kabla ya hapo, na wote walidhani ninafanya hivyo kwa kumuenzi. Mama mmoja alisimama wakati wa maombi akasema wakwe wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Niliinamisha kichwa kama mnyenyekevu, huku nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukweli nilikuwa nao peke yangu, na nitausema hapa mapema ili msomaji naye asije akanisifu.

Mama mkwe alikuja Virginia kutulelea mtoto. Mke wangu alikuwa akitunza wazee huko Oxon Hill, mimi nikipakua mizigo ya ndege upande wa Sterling, na tuliishi Woodbridge, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili. Kwetu, magharibi mwa Kenya, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Chumba anacholala hukikanyagi. Wazee walikaa kikao kizima kabla ya kumruhusu alale chini ya paa langu, wakakubali shingo upande kwa sababu Amerika hakuna uwanja wa kumjengea nyumba yake pembeni.

Tuliishi kwa adabu ambayo majirani wangeiita wazimu. Nikitoka kazini nilikohoa mlangoni, nikangoja, ndipo nikaingia. Akitaka chumvi nami niko jikoni, alimwambia mtoto wa miezi minane, "Mwambie baba tunaomba chumvi," nami niliiweka mezani nikaondoka. Nilimpenda yule mama. Nadhani naye alinipenda, ingawa sijui kama tuliwahi kutazamana usoni hata mara tatu.

Siku ile nilikuwa nyumbani asubuhi, zamu yangu ikianza saa nane mchana. Nilisikia kishindo chumbani kwake, kisha mtoto akalia. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikausukuma mlango. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, ametoka kuoga, kanga imemfunguka. Aliniona, akainua kiganja kunizuia, nami nikarudi nyuma. Kisha mkono ule ukaanguka. Macho yakabaki wazi, na akawa anavuta pumzi moja moja, kwa mkoromo, kila moja mbali na mwenzake.

Nilimchukua mtoto nikaenda kutafuta mwanamke. Hilo ndilo nililofanya. Niligonga mlango wa kwanza, kimya. Wa pili akatoka mwanamume mwenye taulo kiunoni, nikamwomba radhi. Wa tatu, kimya. Ilikuwa siku ya kazi, nani angekuwa nyumbani? Ndipo nikarudi nikapiga simu ya dharura.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu. Aliniambia nipige magoti, niweke mikono katikati ya kifua cha mgonjwa, nikandamize kwa nguvu, na nihesabu kwa sauti ili anisikie. Nikasema ndiyo. Waya wa simu ulifika mlangoni pa chumba. Nikasimama hapo, mtoto begani, uso nimeugeuzia ukutani, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, hadi kumi na tano. Akaniambia nimpulizie pumzi mbili, nikanyamaza kidogo kana kwamba ninapuliza, kisha nikaanza tena. "Unafanya vizuri sana," sauti ile ikaniambia. Wahudumu walipofika walinikuta bado nahesabu.

Mke wangu nilimwambia nilimkuta mama amekwisha kukata roho, na kwamba nilifanya yote niliyoelekezwa. Alinishika mikono hii akanishukuru.

Kwa hiyo sikwenda kozini kwa wema. Nilikwenda kutafuta mtu au kitabu cha kuniambia kwamba hata ningemgusa, angekufa tu. Nilitaka jibu hilo kuliko nilivyotaka cheti. Masomo yalikuwa jioni mbili kwa wiki na Jumamosi, katika kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, na hayakuwa na ada kwa yeyote aliyekubali kuhudumu nao baadaye. Mwalimu wetu alikuwa mama Mmarekani mweusi, mwenye mvi, aliyekaa kwenye ambulansi hadi magoti yakamgomea. Chuoni alikuwa amejifunza Kiswahili. Kilichobaki kilikuwa "habari" na "ndugu," lakini hivyo viwili alivitumia bila ubahili, na tangu siku ya kwanza mimi nikawa Ndugu.

Wiki ya pili alitufundisha ridhaa. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa kuguswa, humgusi. Akipoteza fahamu, sheria humhesabu kuwa amekubali. Niliinua mkono nikauliza: je, kama alikataa kwanza, ndipo akazimia? Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Akizimia, Ndugu, ni wako." Darasa likaendelea na mambo mengine. Mimi nilibaki kwenye ule mkono ulioanguka.

Kitabu nacho hakikunihurumia. Kilisema ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita. Kilisema pia kwamba mkoromo ule wa pumzi moja moja haufai kuitwa kupumua, na anayeuona asingoje. Nilipiga hesabu ya milango mitatu, nikaipiga upya nikitembea haraka zaidi, hata yule mwenye taulo nikamwondoa. Haikunisaidia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mke wangu alinisaidia kusoma. Akitoka kazini, kabla hata hajavua viatu, alikishika kitabu akaniuliza maswali huku mtoto akimvuta sketi. Swali la kifua na pumzi aliliruka mara nyingi. Siku moja hakuliruka. Nilijibu neno kwa neno, akafunga kitabu akasema, "At least wewe ulitry. Wengine wange-panic." Nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Mazoezi ya vitendo yalinishinda. Kupima shinikizo la damu sawa, kufunga mfupa uliovunjika sawa. Lakini mwenzangu wa mazoezi alikuwa mwanamke, mkutubi mstaafu, rika la mama mkwe, na kila nilipotakiwa kumsikiliza kifua niliomba ruhusa mara nne. Alicheka, akasema kwa mwendo wangu angekuwa amekwisha kuoza. Kwenye sanamu la plastiki la kujifunzia kukandamiza kifua ndiko nilikojifichua. Nilipiga magoti nikaanza kuhesabu, sauti safi kabisa. Nilifika saba kabla mwalimu hajanikatiza.

"Ndugu, unahesabu kuliko wote humu," alisema. "Mikono yako iko wapi?"

Nilitazama chini. Ilikuwa mapajani pangu.

Alinitoa nje, kwenye maegesho ya magari, nikamwambia yote. Ndiye mtu wa kwanza kuyasikia. Hakunishika bega wala hakunilaumu. Alisema, "Siwezi kukuambia angepona. Siwezi kukuambia asingepona. Hakuna atakayeweza, kwa hiyo acha kuuliza. Rudi ndani uweke mikono." Nilimchukia kwa muda wa kama dakika moja. Kisha nikarudi ndani nikaiweka, na plastiki ikabonyea, na nikashangaa kwamba kazi yenyewe ni nyepesi hivi. Hata mtoto wa shule angeiweza. Nililia nikikandamiza, na mwalimu hakunisimamisha.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa kusema kila kitu kwa sauti huku ukikifanya, kwa kuwa usichokisema msimamizi huhesabu hukukifanya. Nilisema na nikafanya. Mtihani wa maandishi nilipita vizuri kuliko wengi. Mkutubi alinikumbatia, nami nikakubali. Siku ya kupewa vyeti jina langu lilisomwa, watu wakapiga makofi, na mke wangu alikuwa nyuma kabisa na mtoto, akipiga vigelegele pekee vilivyosikika humo.

Kanisa likapanga shukrani. Jumapili ningesimama mbele nishuhudie jinsi kifo cha mama kilivyonifanya nichague njia hii. Mke wangu alinunua hata kitambaa cha kushonesha. Jumamosi asubuhi, akiwa anasukuma chapati za wageni, nilimwambia azime jiko.

Nilimweleza kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kutoa ripoti ya mgonjwa. Kiganja, milango, simu, ukuta.

"Kwa hivyo ulikuwa una-count tu," alisema mwishoni.

"Nilikuwa nahesabu tu."

"Na yule wa simu akakuambia unafanya vizuri."

"Aliniambia hivyo."

"Ulikuwa umembeba mtoto?"

"Ndiyo."

Alipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika nchi hii. Nilitaka anipige, na nadhani alilijua hilo, ndiyo maana hakunipiga.

"Leo baba anangoja simu yetu," alisema. "Utamwambia wewe."

Kila Jumamosi baba mkwe alikuwa akingoja simu kwenye duka la jirani yake. Mke wangu alikwangua kadi ya simu, akabonyeza zile nambari ndefu, akasalimia, kisha akasema, "Baba, huyu mkwe wako ana neno," akanipa. Nilisema yote tena. Nyuma yake nilisikia watu wa dukani wakiongea na redio ikiimba. Nilimaliza na kusema, "Baba, nilimwacha akafa kwa sababu ya heshima. Nisamehe."

Yule mzee alikohoa.

"Mwanangu," alisema, "ulifanya vile tulikufundisha."

Akasema Mungu atubariki, mtoto asalimiwe, akakata simu. Mke wangu aliuliza baba amesema nini. Nilimrudishia maneno yale kama yalivyo. Alikaa chini pale pale jikoni, mgongo kwenye kabati, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, nami nikapiga magoti mbele yake nisijue kama naruhusiwa kumgusa.