Mlinzi wa Ukumbi

Mlinzi wa ukumbi wa mtaani kwetu, wanakokutana wanakwaya na vikundi vingine, ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na honi za magari. Ukimuuliza jambo, hunyanyuka kwanza, hujifuta viganja kwenye suruali, kisha huelekeza kwa mkono mzima, kama anayesukuma mlango. Wazee wenye mikongojo huwasindikiza mpaka ngazini. Wanakwaya huwatania kwamba jana waliimba kama mbuzi.

Jioni moja baba yangu, niliyembembeleza mwaka mzima mpaka akakubali kuja, alimsogelea mlinzi karibu kabisa akamnong'oneza swali. "Aa, kikundi cha kuacha pombe!" mlinzi akapaza sauti kwa furaha, mkono umeshanyooka. "Nyuma kule, mzee wangu, mlango wa buluu! Wenzako wameshaanza!" Wanakwaya wakageuka. Baba akacheka kidogo, akasema amekosea jengo, akatoka getini bila kunitazama. Nikamgeukia mlinzi. Yeye alirudi kwenye kiti chake, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Kila wiki nawaonyesha mlango, binti yangu, na wengi wanageukia hapa hapa," akasema. "Pombe ina nguvu hiyo, we acha tu!"